Ambulensi ya Lobule na Mafuta Yangu ya Simsim

Mume wangu, Sule Lomoro, alikuwa dereva wa ambulensi ya jeshi. Mwaka wa 1979 serikali ilipoanguka, kila askari alitafuta njia ya kwao. Wengine walirudi Koboko na redio, wengine na magodoro. Wangu alirudi na Landrova ya kijani yenye msalaba mwekundu, nyuma imejaa majeruhi aliowaokota njiani. Alipowafikisha wote kwao, akaja kuiegesha uani kwangu hapa Lobule. Mimi nilikuwa nangoja mume, yeye akaniletea mke mwenza!

Hatukukaa nayo sana. Vita vilipotufuata tukajiandaa kukimbilia Zaire, na petroli hakuna. Lomoro na jirani yetu Yugu wakaitoa injini. Kisha Lomoro akachukua mtungi wangu wa mafuta ya simsim, mafuta niliyoyakamua kwa mikono hii, akayamimina yote ndani ya injini ili isishike kutu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akaifunga kwa ngozi ya ng'ombe na kuizika nyuma ya nyumba kwa umbo la kaburi, ili mtu asiifukue. Waliopita hapo waliisomea Fatiha. Wallahi, injini ile imeombewa dua kuliko babu yangu.

Huko Zaire binti yetu wa kwanza, Nora, alishikwa na uchungu na mtoto akakaa vibaya. Hospitali ilikuwa mbali. Kwetu mgonjwa hubebwa juu ya kitanda, na mila ni hii: ukikutana na kitanda njiani, hata kama unakwenda harusini, unageuka na kutoa bega. Watu walitoa mabega, Mungu awalipe. Lomoro alitembea kando ameshika mkono wa mwanawe. Nora alikufa kabla hatujaliona paa la hospitali, na mtoto wake tumboni. Mume wangu, aliyeendesha wana wa wenzake miaka yote, alirudi kwa miguu nyuma ya kitanda cha mwanawe. Niliumia kwa ajili ya Nora, na niliumia kumwangalia yeye.

Tuliporudi nyumbani mwaka wa 1987, nyumba ilikuwa kuta tupu, nyasi zimeota mpaka jikoni. Mwanamume mwenye akili huanza na paa. Wangu alianza kufukua kaburi la injini.

"Baba Nora," nikamwambia, "mvua nakuja, tutalala wapi?"

"Paa itangoja," akasema. "Poni pia siku moja atazaa."

Mariam Poni ni binti yetu mdogo, wakati ule ndiyo kwanza ameolewa na Kenyi, kijana wa hapa hapa Lobule. Siku ile ile nilianza kumshikia spana.

Bodi ya gari tuliikuta kichakani, kuku wa watu wanatagia kwenye kiti cha dereva. Vioo havikuwepo. Milango ya nyuma pia haikuwepo, mpaka nilipokwenda kwa Yugu kuomba choo. Nikafunga mlango, nikageuka, msalaba mwekundu huu hapa mbele ya macho yangu! Nilicheka nikiwa bado nimechuchumaa.

"Afande," Yugu akamlalamikia Lomoro, "ukichukua hii, choo yangu itabaki uchi." Lomoro akamfumia mlango wa matete, mzuri kuliko wa kwetu. Mlango wa pili ulikuwa juu ya banda la mbuzi la Yugu huyo huyo.

Vipuri alivitafuta Arua sokoni, na vingine vilivuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Zaire, juu ya baiskeli. Mimi nilishona godoro la machela kwa turubai la ukimbizini. Siku injini ilipokohoa na kuwaka, moshi wake ulinuka simsim, mbwa wa kijiji kizima wakaja wanalamba midomo. Betri nzuri hatukuwa nayo, kwa hiyo ikawa gari ya kusukuma. Lakini ilitembea! Lomoro aliizunguka anaigonga mbavu kwa kiganja, anaisemesha, na mimi niliona kijana aliyenioa.

Tukagombana juu ya rangi. Mariam alikuwa mjamzito tayari. Nilimwambia, paka nyeupe, watu waone ni gari ya wagonjwa. Akakataa katakata. "Gari ya jeshi nakuwa kijani. Hiyo ndiyo heshima yake." Akaipaka kijani kibichi kabisa, akakwangua ule msalaba wa zamani ili auchore upya, na kabla hajauchora Mariam akaanza kuumwa. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Mkunga wetu Susana alimpima Mariam asubuhi, akatoka nje anajifuta jasho. "Mama Nora, mtoto ametanguliza mkono. Hii hapana yangu. Peleka Arua, sasa."

Tulimlaza kwenye machela, mimi na Susana kando yake, Kenyi mbele na mkwewe. Yugu na majirani wakasukuma, injini ikashika, tukaondoka. Lomoro aliendesha polepole kwenye mashimo, kila mara anauliza bila kugeuka, "Iko namna gani?" Damu ilikuwa imeanza kupita kwenye turubai. Nilimjibu, "Endesha."

Tukafika kwenye kijito kilicho kabla ya barabara kubwa. Maji yalikuwa yamepanda. Tulivuka, lakini injini ikanywa maji, ikakohoa na kuzima pale chini ya mlima. Hapo kando ya njia watu walikuwa wanapalilia mihogo, wengi tu, wa kutosha kusukuma hata lori. Wakainua macho. Wakaona gari ya kijani ya jeshi inatoka mtoni.

Mbio! Majembe chini, watoto mgongoni, wote ndani ya majani. Wangefanya nini? Miaka yote ile gari kama hiyo ilileta nini vijijini? Lomoro naye, katika kuchanganyikiwa, akapiga honi ili kuwaita. Yarabi! Honi ya jeshi! Hata mzee mmoja aliyekuwa bado anatafuta fimbo yake, aliiacha.

"Rudi! Sisi iko watu wazuri!" Kenyi akaita. Nani atamwamini? Mariam aliacha kulia, akaanza kunong'ona, na kunong'ona kule kulinitisha kuliko kilio. Lomoro alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

Nikaruka chini, nikafungua milango yote miwili ya nyuma ili mwanangu aonekane, nikapiga ukelele tunaoupiga tukibeba mgonjwa: "Kitanda! Kitanda napita! Leta bega!"

Majani yakatikisika. Mwanamume mmoja, baadaye nilijua anaitwa Andama, akatoka na kiatu kimoja mguuni. Akachungulia ndani ya gari, akamwona Mariam.

"Iko kitanda kweli!" akapaza sauti. Kisha akanigeukia kwa ukali. "Mama, kwa nini hukusema? Kitanda gani hii ya kijani, mutu atajua namna gani?"

Wakatoka wote, wanaume kwa wanawake. Nami sitasahau: hawakuisukuma ile gari kwa mikono. Waliinama wakatia mabega, kama inavyopasa kitanda, wanapokezana, aliyechoka anampisha mwenzake bila kuombwa. Waliipandisha mpaka juu, ikateremka upande wa pili, injini ikashika. Hatukupata hata nafasi ya kuaga.

Hospitalini Arua walimpokea Mariam wakamwingiza chumba cha upasuaji. Nilikaa chini ukutani, nasoma dua nilizozijua na nyingine nilizozitunga. Hatimaye nesi akatoka. Mtoto wa kike, akasema, mkono umevimba kidogo tu. Na mama yake? Mama yake anaomba maji ya kunywa. Nilipiga vigelegele mpaka nesi akaniziba mdomo.

Nikamtafuta Lomoro nimwambie, lakini Kenyi alikuwa amenitangulia. Nilimkuta mume wangu nyuma ya gari, milango wazi, beseni la maji kando, anafuta machela. Hasira zikanipanda. Kwetu mwanamume hagusi damu ya uzazi.

"Wee Baba Nora, wacha! Hiyo kazi ya wanawake. Lete kitambaa."

Hakunipa. Alikuwa analia waziwazi, mbele ya watu, na hakujali.

"Mama Nora," akasema, "miaka yote jeshini mimi nafika, nashusha maiti, naosha gari. Nashusha, naosha." Akainua kitambaa ili nione. "Damu hii, mwenyewe iko mzima."

Nikamwacha aoshe.