Waziri wa Chakula Aomba Zabuni

Juzi nilikuwa ofisi moja ya serikali hapa Morogoro, zabuni ya kulisha shule ya bweni ikijadiliwa. Siku hizi za biashara huria, kila mtu ni mzabuni. Miongoni mwa wazabuni wa siku hiyo alikuwamo binti aliyetoka chuo majuzi tu.

Mwenyekiti wa kamati ya zabuni alivua miwani. "Uzoefu wako uko wapi, mwanangu?"

"Shikamoo mzee. Chuoni nilikuwa waziri wa chakula wa wanafunzi. Mchele niliufuata Dakawa mwenyewe, mahindi Gairo. Mwaka mzima wanafunzi hawakugomea chakula hata siku moja!"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Hawakugoma kabisa?"

"Kabisa, mzee."

Alipotangazwa mshindi, binti alijipigia kigelegele mwenyewe, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Cheti chake cha shahada kilikuwa mezani, na hakuna aliyekigusa.