Chamchanga wa Miguu Myeusi

Naombeni mnicheke taratibu, maana ofisi nzima imeshanicheka vya kutosha.

Mimi ni mwongoza watalii hapa Singida mjini. Wiki iliyopita nilipeleka wageni Ziwa Singidani kumtafuta chamchanga wa miguu ya njano, kadege kadogo kanakokuja kila mwaka kukimbia baridi ya Ulaya. Tabu ni kwamba ana ndugu zake wa miguu myeusi, wanafanana kama mapacha, na hao weusi wamejaa tele.

Mzee mmoja kati yao, mstaafu kutoka Dodoma, akanionyesha ndege ukingoni. "Mwanangu, si ndiye yule?"

"Hapana, mzee. Miguu myeusi ile. Twende mbele."

"Tungoje kidogo."

Tungoje nini? Jua linawaka, wenzake wanapiga miayo, yeye kang'ang'ania darubini. "Tungoje tu, mwanangu." Uvumilivu ukanishinda. Nikavua viatu, nikaingia kwenye tope jeusi hadi magotini, nikapiga makofi nimfukuze yule ndege tuondoke zetu.

Akaruka, akatua majini. Akatembeatembea, akajimwagia maji, akatokea upande wa pili na miguu ya njano kama alizeti. Kumbe weusi wote ule ulikuwa tope! Kisha akapaa, akatokomea.

Nikawageukia wageni, miguu yangu myeusi tii.

Mzee akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Na wewe kanawe, mwanangu," akasema, "tujue ni wa aina gani."