Mbwa Aliyeijua Harufu ya Bibi

Juzi nilirudi Woodbridge, huku Marekani, kumsaidia mama kufunga vyombo, maana anahamia Lanham. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na msitu mdogo wenye kijito. Sasa miti yote imekatwa, pamezungushwa uzio, na ndani linajengwa jengo kubwa lisilo na madirisha. Wanawake wawili waliokuja kutusaidia walisimama dirishani wakishangaa ukubwa wake. Mama akawaambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba marehemu mama yake alipenda sana kutembea pale. Niliweka chini sufuria niliyoishika nikatoka nje, kwa sababu ningebaki ningesema neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake. Wewe nitakuambia. Bibi hakutembea pale, alipotea pale, na alikuwepo mbwa aliyefundishwa kumtafuta, tukamziba pua sisi wenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Bibi aliletwa kutoka Unguja baada ya babu kufariki, na akili yake ilikuwa imeanza kumtoroka. Siku nyingine alikuwa yule yule, mkali wa maneno, anaonja mchuzi wa mama na kuutia chumvi bila kuomba ruhusa. Siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake. Mwanzo wa baridi ile alitoka peke yake, akaokotwa kwenye kituo cha mafuta, amevaa kanga na ndara. Mama alimshukuru mtu aliyemrudisha, akafunga mlango, akatuonya kisa kile kisivuke kizingiti. Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema, na kata ni sisi.

Lakini jirani aliona. Alikuwa Mkenya wa Nakuru, zamani alikuwa askari wa kikosi cha mbwa, na huku alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo ugonjwa ule aliujua. Alikuwa na mbwa wa kahawia mwenye masikio marefu, jina lake Bosi. Alimwambia mama waziwazi kwamba mzee akitoka mara moja atatoka tena, na kwamba Bosi angeweza kufundishwa harufu yake. Mama alikubali kwa kuona haya tu, na akaweka sharti kwamba mbwa asikanyage ndani.

Zile Jumamosi za msituni sijapata zingine kama hizo. Bibi alikunywa chai yake ya tangawizi, akala kipande cha mkate wa kumimina, akavaa koti la mama na buti zangu za zamani, tukatoka. Kazi yake ilikuwa kupotea. Alitembea kwenye theluji, akakata kona mbili tatu, akajificha nyuma ya mti akijichekea. Mimi na jirani tulisubiri mpaka vidole vikafa ganzi. Mwanzoni tuliweka vipande vya kuku wa kuchemsha kwenye nyayo zake, kisha tukavipunguza, kisha tukaviacha kabisa. Jirani alinifundisha kwamba baridi hutunza harufu na upepo huiiba. Nilipoivuta kamba alinikemea: mbwa hajafungwa kwako, wewe ndiye umefungwa kwa pua yake. Bosi akimpata bibi alilala chini miguuni pake. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake.

Najisi ya mbwa bibi aliijua kuliko sisi sote, na aliosha alipostahili kuosha. Lakini alikuwa na neno lake alilolirudia kila tulipotoka: mate ya mbwa yana maji yake, roho mbaya haina maji. Siku hizo alikuwa timamu. Pengine ni kwa sababu mtu alimpa kazi.

Jirani alisema tuweke akiba. Tulichukua soksi aliyoivaa bibi siku nzima, tukaifungia ndani ya chupa ya achari iliyokauka, mtu mwingine asiiguse. Niliificha kabatini nyuma ya unga. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mama ni ya nini.

Mama aliikuta. Nilipata habari baadaye jinsi alivyofanya, na hata ninapoandika damu inanichemka. Aliona soksi chafu ndani ya chupa ya chakula, na akahisi mbwa ameigusa. Akaiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa kilichoguswa na mbwa. Udongo wa ule mkosho mmoja aliubandua kwa kisu kwenye chungu cha maua, maana ardhi ilikuwa imeganda. Akaikausha, akaifukiza udi pamoja na nguo zetu zote, akaikunja vizuri. Chupa akaitia ndimu.

Ijumaa moja shule zilifungwa kwa theluji. Mama alikuwa amelala baada ya zamu yake, mimi nilikuwa nje na wenzangu, na bibi akatoka. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wameikanyaga theluji, kwa hiyo nyayo zake hazikuonekana. Mama alizunguka na gari saa nzima, kimyakimya, hataki mtu ajue. Mimi ndiye niliyekwenda kugonga kwa jirani, na jirani akawapigia polisi bila kumuuliza mama. Kisha akanituma chupa. Chupa niliikuta na ndimu, soksi kwenye nguo zilizokunjwa; nilirudi nayo nyeupe, inanukia udi.

Bosi aliinusa, akazunguka mara mbili, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mama. Akalala miguuni pake, mbele ya majirani wote.

Jirani alielewa upesi kwamba soksi sasa ilikuwa na harufu ya mikono ya mama. Aliulizia mashuka, yalikuwa yamefuliwa asubuhi, kama kila Ijumaa. Kanga na ndara tulivaa wote. Nikasema kuna msala wake wa kusalia, ule hakuna mwingine anayeutumia. Mama akanitazama nikatamani niumeze ulimi.

"Mbwa hatii pua yake kwenye msala wa mama yangu," akasema.

"Mama, hatagusa," jirani akamwambia. "Nitaushika mimi, yeye a-smell tu kutoka mbali. Time inaenda na hii baridi si ya kucheza nayo."

Mama akakataa. Polisi walikuwa wakimuuliza urefu wa bibi na rangi ya nguo, naye alikuwa akiwaambia mama yake ni mzima, ametoka kidogo tu. Nilijua msala ulipo. Ngazi moja tu, mlango wa kushoto. Nilisimama palepale, namwogopa mama, mpaka jua likaanza kuzama na mama mwenyewe akapanda, akauleta umekunjwa kifuani.

Haikufika dakika kumi. Bosi alinikokota katikati ya miti hadi kwenye kijito. Bibi alikuwa amekaa ukingoni, mikono ya nguo imepandishwa hadi viwiko, miguu mitupu. Alikuwa amekwenda kutia udhu. Bosi akalala, safari hii juu ya miguu yake, naye akaupeleka mkono kwenye manyoya. Akaniambia leo amejificha vizuri. Alifariki hospitali siku ya tatu, mapafu yamejaa maji.

Mama alisema ni kadari. Kadari naikubali, lakini ile saa moja na nusu ya kuukatalia msala siikubali, na sijawahi kumwambia. Jirani naye hakukaa sana, alihamia Manassas, na Bosi alikufa kwa uzee huko. Nilisikia kwa simu nikalia kazini. Kijito nacho wamekiingiza kwenye bomba. Hakuna tena mahali ninapoweza kusimama nikasema ilikuwa hapa.

Lakini hasira iliyonikaa zaidi si ya mama. Siku ya hitima alinivuta jikoni akaniambia wakiuliza niseme presha. Sebule ilijaa wanawake wamekaa chini, na mmoja wao, aliyelala chumba kimoja na bibi utotoni, alinishika mkono akaniuliza nini kilichomchukua shoga yake. Jirani alikuwa mlangoni, viatu mkononi, amekuja kutoa pole. Mimi niliyezoea kuwajibu watu wazima kwa Kiingereza nilimjibu kwa Kiswahili kilichonyooka: ilikuwa presha, ilipanda ghafla, hakuteseka. Jirani akainama akavaa viatu vyake. Yule shoga yake akanibusu kiganja, akamwambia mama amenilea vizuri.