Fundo la Hatibu kwenye Mlingoti wa Kaizari

Hatibu alikuwa fundi kanzu hapa Morogoro mjini, na kwa jinsi alivyoishabikia shule ya serikali ungedhani yeye ndiye aliyeijenga. Hakusoma pale hata siku moja. Hakuwa na mtoto pale. Herufi alizozijua zilikuwa chache kuliko meno yaliyombakia, na meno yenyewe hayakuwa mengi.

Shule yetu hiyo ilikuwa na adui mmoja tu duniani: shule ya misheni ya huko juu mlimani, njia ya Matombo. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Kaizari, mfalme wa Wajerumani, vijana kumi wa huku na kumi wa kule walivuta kamba mbele ya boma. Nasema vijana kwa adabu tu. Zama zile za Wajerumani mwanafunzi aliweza kuwa na ndevu, na mke akimngoja nyumbani.

Mwaka mzima Hatibu alikaa kibarazani na sindano yake akiwasema watu wa mlimani. "Wala ndizi wale! Juzi wametoka migombani, leo wanataka kushindana na watu wanaovaa viatu!" Timu yetu nzima ilikuwa na jozi mbili za viatu, lakini hilo hatukulitaja. Mkewe, Mwaisha, alisema kama mumewe angeijali nyumba yake nusu ya alivyoijali ile kamba, paa lisingekuwa linavuja. Hatibu alimjibu kwamba paa halina wapinzani.

Mwaka ninaousimulia, wafungwa walikuwa wamesimika mlingoti mpya wa bendera siku mbili kabla ya sikukuu, mbiombio, kwenye udongo ulioloa mvua. Upande wetu ukapangwa karibu na mlingoti huo. Tuliona ni heshima. Watu wa mlimani walifika asubuhi ya sikukuu yenyewe baada ya kutembea tangu jana yake, miguu imejaa matope, wakaamkia kila mzee waliyemkuta, hata Hatibu. Aliitikia "marahaba" kama mtu anayetema mbegu ya ndimu.

Kule kwao walikuwa wakiteremsha magogo ya paa la kanisa kutoka msituni, na kamba waliivuta vilevile walivyovuta magogo. Mmoja anaimba, wengine wamechimbia visigino ardhini, kimya, ukiwavuta hawasogei. Kiitikio kikifika, wote wanavuta kwa pamoja. Mwimbaji wao, ambaye ndiye pia nahodha, alikuwa kijana mwembamba aitwaye Severini. Tulimcheka sana. Wetu hawakuhitaji nyimbo. Kila mmoja alivuta kwa wakati wake, akiangalia kama wasichana wanamwona.

Kiitikio cha tatu hatukucheka tena. Wetu walikuwa wanaburutwa, na wenye viatu ndio walioteleza zaidi. Hatibu, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya mvutaji wetu wa mwisho kama kawaida yake, akaona aibu inakuja mbio. Mkia wa kamba ulikuwa umelala miguuni pake. Akautandazia kanzu, akaingiza mikono chini, akaufunga kwenye mlingoti. Fundo la fundi kanzu, si la mchezo. Halafu akatazama mawinguni kama mtu anayekisia mvua.

Kamba ikasimama. Tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Wale wa mlimani wakashangaa kidogo, kisha Severini akaanza wimbo upya, polepole zaidi, kama wafanyavyo wakikutana na gogo lililonasa. Viitikio vinne walivuta watu kumi pamoja na mlingoti. Cha tano, mlingoti ukang'oka, ukaanguka na bendera ya Kaizari kifudifudi kwenye tope, siku aliyozaliwa mwenyewe.

Severini ndiye aliyekimbia wa kwanza kuuinua. Akaliona fundo. Akamtazama Hatibu, na Hatibu akamtazama yeye. Kisha yule kijana akalifungua fundo kwa vidole viwili na kuutupa mkia wa kamba kando, askari hawajafika bado.

Bwana mkubwa wa boma alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Severini akasema, "Ni sisi, Bwana. Tumevuta kupita kiasi." Hata hapo, nakuapia, kulikuwa na majivuno ndani yake.

Hukumu ilikuwa ya haraka: nahodha apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Severini akavua shati, akalikunja vizuri, akalala chini. Baadhi yetu tulikuwa tumeiona ile kanzu ikitandazwa, nami nilikuwa mmojawao, lakini tulikumbuka ghafla kwamba macho yetu si mazuri.

Hatibu alikuwa na woga, lakini zaidi alikuwa na hasira. Akasimama.

"Bwana, mkosaji ni mimi. Niliifunga kamba kwenye mlingoti."

Akida wetu, mkubwa wa mji chini ya Wajerumani, akamnong'oneza, "Hatibu, kaa chini, una wazimu?"

"Kamba wameshatushinda," Hatibu akasema. "Huyu akipigwa kwa ajili yangu watakuwa wametushinda na utu. Mara mbili kwa siku moja siwezi."

Wakampiga yeye, vyote ishirini na tano. Walipomaliza, Hatibu hakuweza kusimama. Sisi mashabiki wenzake wa miaka yote tulikuwa tumeshaondoka, kila mtu na shughuli aliyoikumbuka.

Wale wala ndizi ndio waliombeba mpaka kwake. Mwaisha, aliyefuatana nao, ndiye aliyetusimulia. Njia nzima Hatibu aliwagombeza kwamba wanamtikisa, na mlangoni akamuuliza Severini kwa ukali kwa nini hakumtaja.

"Mzee wangu," Severini akamjibu, "mimi nina mgongo wa kuburutia magogo. Wewe mgongo wako ni wa kuinamia sindano."

Hatibu akamwita mjinga, kisha akalia kama mtoto.

Siku ya tatu tukajipa moyo, tukaenda kumpa pole, watu sita. Alikuwa amelala kifudifudi. Tukazungumza habari za mvua, na mwisho mmoja wetu, ili kumfurahisha, akasema wale wa mlimani walibahatisha tu.

Hatibu akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani kati yetu aliyembeba.

Tukarudia habari za mvua. Akatuambia tukitoka tufunge mlango.