Nilivyomzika Mzee Ogola Akinisikiliza

Nilifunga safari ya Usenge kwa sababu ya simu ya Mama Atieno. Alipiga Jumapili saa nane mchana, nikiwa bado na tai ya kanisani shingoni, akaniambia kwamba mumewe, Mzee Ogola, amekataa kwenda hospitali. Ngiri aliyoificha miaka mingi ilikuwa imeanza kubana utumbo, na daktari wa Bondo alisema wazi kwamba asipopasuliwa haraka atakufa. Kitanda kilikuwa kimepatikana Kisumu, afike Jumatatu, apasuliwe Jumanne. Ogola naye alisema hapandi gari lolote mpaka Njoroge aje amwombee.

Njoroge ni mimi. Hapa Nyamasaria, Kisumu, nimejulikana kwa mambo mawili: duka la mabati na misumari, na maombi. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minane. Nina daftari jeusi lenye maombi ya kila shughuli, tangu kufungua ibada hadi kubariki gari jipya, ingawa siku hizi silifungui kwa kuwa yote nimeyakariri. Mke wangu husema naweza kuomba huku nimelala. Ni kweli, niliwahi kufanya hivyo kwenye harusi ya mpwa wake, na watu wakanipa mkono kunipongeza. Nilidhani huko ndiko kukomaa kiroho.

Ogola tulianza naye maisha mtaa wa Obunga, hapa hapa Kisumu, mimi nikitoka kwetu Murang'a sijui mtu. Niliuza mitumba, yeye alishona viatu, na tulikaa chini ya mwavuli mmoja. Baadaye alirudi kwao kuvua samaki, nami nikafungua duka, lakini hatukuacha kupigiana simu kila wiki na kubishana.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliwasha pikapu. Mke wangu alitaka tuombee safari kwanza, nikaomba huku nikirudisha gari nyuma, macho wazi kwa ajili ya lango. Maombi yangu ya safari huisha gari linapogusa lami. Siku hiyo yaliisha pale pale.

Kisian nilikata kushoto kuifuata barabara ya Bondo. Nilisimama Ndori nikanunua mkate, sukari na majani ya chai, maana huwezi kumwendea mgonjwa mikono mitupu. Nilikuwa mchovu. Ijumaa nilikuwa nimeomba kwenye mazishi, na Jumamosi nikaomba kwenye mengine mawili. Naomba msomaji akumbuke uchovu huo kabla hajanihukumu.

Saa tatu na nusu nikawa Usenge. Ufuoni omena, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu, na wanawake walizigeuza huku wakifukuza ndege kwa matusi ya kawaida. Mama Atieno aliacha kazi, akanawa mikono, akaniongoza nyumbani bila maneno mengi. Alikuwa amekonda.

Sebuleni walikuwa wameketi majirani sita kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, wote kimya. Katikati, juu ya kochi refu, alilala Ogola. Kwa heshima ya maombi alikuwa amevaa suti yake moja, na soksi nyeupe, na mikono ameikunja kifuani.

"Osiepna, umekuja," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu Obunga, rafiki yangu. "Sasa niombee vizuri. Mimi naogopa hiyo kisu."

Akafumba macho. Sote tukasimama, nikafumba yangu, nikaanza kama ninavyoanza siku zote, "Baba mwenye enzi na rehema, tumekusanyika tena mbele zako." Shida ni kwamba maombi yangu yote huanza hivyo. Hapo ndipo njia hugawanyika, na mdomo wangu, uliokuwa umemwona mtu wa suti amelala katikati ya majirani kimya, ulishika njia ya Jumamosi.

Niliomba vizuri sana. Nilishukuru kwa miaka ambayo Bwana alituazima ndugu yetu huyu. Watu wakaitikia Amen. Nilisema amevipiga vita vyake na sasa amepumzika pasipo kuugua tena. Amen. Nikaombea mjane apate nguvu. Amen. Nikaombea waliosafiri kutoka mbali kuja kumsindikiza, nikaombea hema lisivunjwe na upepo, na udongo tutakaomrudishia uwe mwepesi juu yake. Hapo Amen kubwa kuliko zote ilitoka kwenye kochi. Ogola mwenyewe aliitikia.

Nilipofumbua macho, Mama Atieno alikuwa akinitazama. Yeye peke yake alikuwa amesikiliza.

"Baba Wambui," aliniuliza polepole, akiniita kwa jina la binti yangu, "mjane ni nani?"

Majirani walianza kuyarudia maneno vichwani mwao, na niliona yakifika kwa mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja alivaa kofia, akakumbuka yuko ndani, akavua. Wa mwisho kufikiwa alikuwa Ogola. Aliinuka kwa kiwiko.

"Njoroge, umenizika."

"Samahani, Mzee. Nimechanganya. Acha nirudie, ile ya wagonjwa iko hapa." Nikatoa daftari jeusi mfukoni na kuanza kupekua.

"Weka hiyo kitabu mbali," alisema. "Mimi siendi Kisumu tena. Umeshaniombea udongo, na mimi nimesema Amen. Sasa daktari atafanya nini na mtu ya udongo?" Akajilaza na kuugeukia ukuta.

Tulimbembeleza. Majirani walijaribu kwa Kiluo, mimi kwa Kiswahili. Jirani mmoja akapendekeza niyaombe yale yale kuanzia mwisho kurudi mwanzo ili yafutike, na nusura nikubali. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Ogola alianza kugumia kwa maumivu, na bado alikataa. Niliona wazi kwamba rafiki yangu atakufa kwenye lile kochi kwa ajili ya mdomo wangu. Niliona aibu, kisha nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuihisi mazishini.

Mama Atieno alinivuta kando, mlangoni.

"Wewe unajua huyu mtu," alisema. "Ambia Nyasaye, Mungu wetu, habari yake. Ile unajua wewe, si ile ya kitabu."

Nilirudi, nikapiga magoti kando ya kochi. Nilifungua mdomo, pakakosekana neno. Mimi, mwombaji wa Nyamasaria, nilikaa pale nikipumua tu. Mwishowe nikasema yaliyokuwepo.

"Mungu, huyu ni Ogola. Ni mbishi, unamjua. Nilipougua malaria Obunga alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima alilalamika kwamba mimi ni mzito. Anaogopa kisu. Mimi naogopa kuliko yeye. Nimeombea maiti wengi bila kuhisi lolote, unisamehe, lakini huyu sitaweza. Usimchukue. Tafadhali."

Nikaanza kulia, nikashindwa kuendelea. Kwa kuwa sikumalizia kwa maneno ya kawaida, hakuna aliyejua kama nimemaliza, na hakuna aliyeitikia. Nikasikia kochi likilia.

"Sikulalamika njia nzima," Ogola aliuambia ukuta. "Ni hapo kwa mlima tu."

"Njia nzima, Mzee."

Aligeuka kutoka ukutani. "Mama Atieno," akaita, "letea mimi viatu."

Saa saba tulianza kurudi, Mama Atieno akiwa katikati yetu na mkoba wa nguo mapajani. Kila tuta Ogola alinung'unika. Kufika Akala nilimnong'oneza Mungu kidogo, na Ogola akanisikia.

"Kwa tuta usiombe," alisema. "Punguza mwendo."

Jumanne walimpasua. Tulikaa kwenye benchi, mimi na Mama Atieno, saa tatu nzima, na daftari nilikuwa nimeliacha nyumbani. Sikuwa na sala yoyote zaidi ya jina la Ogola, nikalitaja mpaka mlango ukafunguliwa tukaambiwa yu hai. Pale kwenye benchi ndipo nilipoelewa jambo ambalo ni aibu mtu wa umri wangu kulijifunza leo: kwa miaka kumi na minane nilikuwa nikizungumza na watu, huku nimefumba macho.

Jumapili niliitwa mbele, kama kawaida, kufungua ibada. Nikasimama.

"Baba," nilisema, "jana Ogola alikunywa uji. Asante."

Nikaketi. Kanisa likangoja. Mchungaji akanitazama, na mwenyekiti wa wazee, akidhani nimesahau, akasimama kunimalizia. Kabla hajafungua mdomo, Mama Atieno, aliyekuwa akikaa kwetu wiki ile, akasema Amen kutoka benchi la nyuma, peke yake.