Chaki Juu ya Sanduku la Chuma

Siku ile bado hainiachi, mwanangu. Nilikuwa fundi umeme kijana hapa Kolwezi, wakati Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipokuwa wakifukuzwa mjini. Mwalimu wangu wa kazi, Tata Kabeya, alikuwa ameketi kituoni juu ya sanduku la chuma, na mkewe, watoto na magodoro, akingoja treni ya kumpeleka huko Kasai kwa mababu zake, ambako yeye hata hakuzaliwa.

Nilimpelekea mkate. Yeye akauliza habari za kaji, kile chumba kinachoshusha watu mgodini. Tulikuwa tumekifungia kufuli jipya la umeme: mlango ukiwa wazi, kisitembee.

“Tulijaribu wiki muzima, Tata. Iko inafanya muzuri. Kesho batu banashuka.”

“Mulijaribu yenye mulifikiri,” alinikemea. “Yenye hamukufikiri njo itaua batu. Leta chaki!”

Mimi roho juu! Vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakasai walipiga kelele nje ya uzio wa kituo, treni ingeweza kuingia wakati wowote, na mzee huyu anaandika hesabu juu ya sanduku. Tuseme mlango uko wazi na kaji inatembea. Je, lazima nini kiwe kweli? Akarudi nyuma swichi kwa swichi, akifuta kila njia isiyowezekana. Ikabaki moja. Umeme ukatike, mtu afungue mlango, umeme urudi: kufuli bado linaamini mlango umefungwa. Sisi tulijaribu kwa jenereta, ambayo haikukatika hata kidogo. Umeme wa mji, siku hizo, ulikatika ovyo.

“Kaka yangu anashuka kesho,” nilisema. Sikuthubutu kuongeza kwamba alikuwa mmoja wa wale wa nje ya uzio. Tata alijua; sauti ya kaka ilifika mpaka pale.

“Basi kimbia. Ile hesabu ni ya batu bote benye banashuka, hata kaka yako. Sikuacha hata mumoja.”

Nilikimbia mgodini, kaji ikasimamishwa, tukairekebisha. Treni ilipoondoka sikuwepo, na hilo linaniuma hadi leo. Kaka yangu amezeeka, ana wajukuu.

Basi wewe unayeandika programu za kuendesha mashine, usiniambie umejaribu. Thibitisha kwamba haiwezi kuua, hata katika hali ambayo hukuiwaza. Na mtu akikwambia “wale wote ni wabaya,” mdai uthibitisho vilevile. Akipatikana mmoja tu asiye hivyo, neno lake limeanguka. Mimi nilimwona, ameketi juu ya sanduku.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila anayeitegemea arudi salama kwake, asifukuzwe.