Ufunguo Shingoni mwa Fundi

Fundi wa mtandao wa ofisi ile ya Addis Ababa hanywi kahawa kabla hajainusa, wala hasalimii mtu kabla hajamtazama mikono. Vidole vyake vyembamba hupapasa kila waya kama askari anayempekua mwizi, na akikasirika sauti yake haipandi, hushuka. "Nani amegusa?"

Asubuhi hiyo ruta mbili, vile visanduku vinavyogawa mtandao, ya chini na ya ghorofani, zilikuwa zimekataana. Zinatakiwa kusalimiana kila mara kwa neno la siri linalobadilika kila mwaka, lakini ya juu, iliyofungiwa kabatini, ilikuwa haiitikii, na wateja wamejaa mapokezi. Mulunesh, karani anayekaa karibu na ngazi, alijua jicho litamwangukia yeye.

"Dada, jana ulibaki peke yako."

"Nilikuwa namsubiri mume wangu anipitie, fundi. Kabati lako mimi nalijua mlango tu."

"Meneja nimeshamwambia."

Mulunesh akamfuata juu. Fundi akavua ufunguo shingoni, akafungua kabati, akachomeka kompyuta yake, kisha akasoma tarehe ya ruta. Mtu alikuwa ameiwekea ruta hiyo tarehe ya kalenda ya Kihabeshi, ile inayotundikwa ukutani nyumbani, wakati ya chini inafuata ya kizungu. Ya juu ilikuwa nyuma kwa zaidi ya miaka saba, hivyo kwake neno la siri la mwaka huu lilikuwa bado halijaanza kazi.

"Nani mwingine ana ufunguo wa hapa?" akauliza, sauti iko chini kabisa.

"Si wewe tu, fundi?"

Akaugeuzageuza ule ufunguo kiganjani, kisha akaunusa.